Besi Inayosikika Bila Kelele

Kwenye bendi za Kongo mwimbaji ndiye anayebandikwa noti kwenye paji la uso, na mpiga solo ndiye anayetajwa jina katikati ya wimbo. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ngoma, na wengi hawamtazami. Akikosea, lakini, kila mguu uwanjani unajua.

Kazi yake ni ya zamani kuliko chombo chake. Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, leo Likasi, aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, gita lake kavu lilitosha bendi nzima: gumba likishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikicheza juu. Mtengenezaji wa magita Leo Fender alikuwa ameanza kuuza besi yake ya umeme, Precision Bass, huko California mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Gumba lile lilikwisha kujua siri ambayo mpiga besi wa leo huko Kavimvira, mtaa wa Uvira ulio mpakani na Burundi, bado anaitafuta, nayo ni kujua pa kunyamaza. Sebene, ile sehemu ya magita na dansi, linapofunguka, besi nzuri haijazi kila nafasi. Inaruka, inakata, inawaachia wengine.

Nyuzi zenyewe ni habari. Seti ya nyuzi za besi ni ghali, na kwa aliye Kavimvira duka la karibu lenye seti nzuri linaweza kuwa ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Basi nyuzi zilizofifia huchemshwa. Unazifungua, unazikunja duara, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kadhaa. Mafuta ya vidole na uchafu ulioingia katikati ya mikunjo ya waya huachia, maji yakabaki na rangi isiyopendeza hata kidogo. Ukishazikausha barabara, mlio unarudi, ingawa si kwa muda mrefu. Kuna waliokataa usafi huo kabisa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo za kampuni ya Motown kule Detroit, hakubadilisha uzi mpaka ukatike, na alipiga kwa kidole kimoja. Sauti ilikuwa mkononi.

Chumba nacho ni chombo. Uzi wa mi, mnene kuliko wote, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na ushei. Ndani ya kanisa la matofali lenye paa la mabati, wimbi hilo hugonga ukuta na kurudi, likarundikana pembeni na kufifia kwingine. Ndiyo maana mtu wa benchi la nyuma analalamika kwamba besi inampiga kifuani, huku mpigaji, hatua mbili tu kutoka kwenye bafle, akidhani haitoki. Asiyejua anaongeza sauti. Fundi analitoa bafle kwenye kona, analiinua kutoka sakafuni, anapunguza sauti za chini na kupandisha kidogo zile za kati.

Kuna pia mvumo wa umeme. Umeme wa huku hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Sol ya uzi wa mi ni 49. Waya ukichubuka, mvumo unakaa ubavuni mwa noti hiyo, nayo inayumba taratibu, kama mara moja kila sekunde. Jenereta ikilemewa, mvumo nao unahama. Mwenye sikio zuri hutambua kasoro hiyo kabla fundi mitambo hajafika.

Na sikio hilo halina duka. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito zinahitaji nguvu zaidi ili zisikike sawa na za kati, kwa hiyo kila mpiga besi ana kishawishi cha kupandisha. Wenzake nao wanapandisha. Kipimo kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15, ambazo hazifiki nyimbo mbili zenye sebene refu. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Pamba masikioni haisaidii sana. Vizibo vya sifongo vinalinda, ila hula sauti kali zaidi kuliko nzito, besi ikawa kama imefunikwa blanketi. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki hupunguza zote karibu sawa, na vinavaliwa tangu mazoezini.

Makanisa ya Uvira hununua bafle kwa michango ya waumini. Mchango ujao uongezwe kidogo, wapigaji wanunuliwe vizibo, na watoto wa kwaya wasipangwe tena mbele ya spika.