Nano ya masimulizi na nano ya zahanati

Kama unafuatilia makala na video za sayansi kwa Kiswahili, bila shaka umeshakutana na ile ya roboti ndogo kuliko chembe ya damu. Inaogelea kwenye mishipa, inaitafuta saratani, inaipiga, mgonjwa anapona. Mwisho unaambiwa hii ndiyo tiba ya kesho. Nimesoma nyingi za namna hiyo, na nikiri mapema: hata mimi nimewahi kuandika moja. Leo nataka kuzikosoa, na sababu ilinikuta nyumbani, Lisekese, hapa Masasi.

Ilikuwa Desemba, korosho zimeshauzwa, mvua zimeanza. Nilikuwa nimewasimulia ndugu zangu habari za nano, roboti zikiwemo, watu wakafurahi. Siku mbili baadaye mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, akashikwa na homa kali na kikohozi. Zahanati wakamtoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria. Mstari ukatokea kwenye C, kwenye T hakuna kitu. Wakasema si malaria, apelekwe hospitali aangaliwe zaidi.

Dada akatoka amenuna. "Kipimo chenyewe kibovu. Mvua hizi, homa hii, halafu eti si malaria? We mjomba mtu umesoma, sema basi."

Nikasema labda kweli, vipimo navyo hukosea. Akapita dukani akanunua dawa ya mseto. Siku ya tatu mtoto akawa anahema kwa shida, mbavu zinabonyea. Hospitali wakakuta nimonia. Alipona, tunashukuru. Lakini siku tatu zilipotea, na mimi nilichangia kuzipoteza.

Kinachoniuma ni kwamba kile kikadi cha plastiki ndiyo nanoteknolojia yenyewe. Ule mstari mwekundu ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu, ila imetengenezwa kimaabara kuwa chembe zenye upana wa makumi ya nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000 hivi. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho, elektroni zake hucheza na mwanga kwa namna nyingine: hunyonya zaidi rangi ya kijani, macho yetu yakabaki na wekundu.

Kila chembe imevishwa kingamwili inayoishika protini iitwayo HRP2, ambayo hutolewa na kimelea cha malaria aina ya falsiparamu. Damu ikichanganyika na matone ya kimiminika, vyote hutembea kwenye utepe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Protini ikiwepo, dhahabu hunaswa kwenye T na kurundikana hadi mstari uonekane kwa macho. Mstari wa C wenyewe unasema kwamba kimiminika kimetembea na dhahabu imefika.

Yaani siku ile jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia dada: "Tazama C, kipimo kimefanya kazi. Mpeleke hospitali." Badala yake nilikuwa na hadithi za roboti.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya kwanza ya maandishi yetu: kila kitu kiko kwenye "ita-". Itatibu, itafika, itabadilisha. Wazo la daktari mdogo wa kumezwa alilitaja Richard Feynman mwaka 1959. Daktari huyo bado hajafika. Lakini mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta ili isiuumize sana moyo. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, nayo ni chembe za ukubwa wa nano, na watoto wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa walioijaribu. Hayo yameshatokea, tena mengine hapa hapa pwani kwetu.

Kasoro ya pili: tunasifia udogo, hatuelezi kazi. Msomaji anaondoka akijua kwamba nano ni ndogo sana, basi. Udogo peke yake hauna maana mpaka useme unaleta nini: rangi mpya ya dhahabu, kiputo kinachopunguza sumu ya dawa, chembe ambayo kinga ya mwili inaiona vizuri zaidi.

Kasoro ya tatu ndiyo mbaya zaidi: hatutaji mipaka. Kipimo kile kinaweza kukosa vimelea vikiwa vichache sana. Joto kali likikiharibu stoo, kinaweza kudanganya. Eritrea ilibidi wabadili aina ya kipimo baada ya kukuta vimelea visivyotoa HRP2 kabisa. Tena protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo hata mstari wa T unaweza kuwa habari ya zamani. Ukiyaficha haya ili nano ing'are, siku mtu akiyagundua mwenyewe atakitupa kipimo chote. Na mipaka si ya maabara tu. Dkt. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji chenye nano, na alistahili. Ila kule juu Newala, uwandani, shida ya miaka mingi ni kuyapata maji kwanza. Kichujio hakichuji ndoo tupu.

Sisemi tuache kuandika ndoto. Ndoto ndizo zilizonipeleka chuo. Ila anayeandika kuhusu nano kwa Kiswahili aanze na kile ambacho msomaji wake ameshakishika mkononi. Tangu 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kupima kwanza, ndipo utoe dawa ya malaria. Ushauri huo unasimama au kuanguka pale nje ya mlango wa zahanati, mama akiwa na mtoto mgongoni anaamua aamini mstari au asiamini. Makala yetu ifike pale kwanza. Roboti zitasubiri.