Rosa Hakuzaliwa Mpotovu

Nimesahihisha majibu mengi yanayomwita Rosa wa Kezilahabi mpotovu aliyevuna alichopanda, basi. Jibu hilo lina upungufu. Rejelea kisa cha barua katika Rosa Mistika (1971): Zakaria, baba mlevi, anamcharaza bintiye kwa kuandikiwa na mvulana. Tangu hapo Rosa anajua kuwa hisia ni kosa. Anayechungwa kwa hofu hajifunzi kujichunga. Afikapo shule ya bweni, mbali na fimbo ya Zakaria, hana uzoefu wa kujizuia. Ghadhabu isiyoweza kumrudia baba inaugeukia mwili wake mwenyewe, kwanza kwa kujitoa ovyo kwa wanaume, mwishowe kwa kujitoa uhai. Mtahiniwa aonyeshe mfululizo huo wote. (Regina, mama anayeishi chini ya ulevi uo huo, naye asisahauliwe.)

Mwalimu mwenzangu, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kuhitimisha insha yake kwa kuandika kwamba anamwelewa Rosa. Alizoea kuvaa sweta hata adhuhuri ya jua kali. Nilimsahihishia sarufi. Ilinichukua wiki mbili kumwita kando na kumwuliza habari za nyumbani.