Apolo Kagwa na Kitabu cha Wafalme wa Buganda

Wasomaji wengine wametuuliza kama kitabu cha Apolo Kagwa juu ya wafalme wa Buganda, kilichotoka mwaka 1901, chastahili kusadikiwa. Tunafahamu mashaka yao. Na sisi tulipokishika mara ya kwanza, tulitafuta kwanza kurasa za vita vya dini.

Maana mtunzi huyu hakuwa mtu wa kukaa pembeni. Mwaka 1886, Karoli Lwanga na wenzake walipouawa, Kagwa alikuwa kijana wa nyumba ya mfalme Mwanga. Alipigwa vibaya, akapona. Mwaka 1889 akawa Katikiro, yaani waziri mkuu, akaishika kazi hiyo mpaka 1926. Naye alikuwa mkubwa wa Waprotestanti siku ile ya Januari 1892, walipopigana na Wakatoliki pale Mengo. Kapteni Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, na watu wetu wakakimbilia Buddu. Je, mtu kama huyo atasimuliaje vita vyake mwenyewe bila kuegemea upande?

Lakini kwa maoni yetu, udhaifu mkubwa wa kitabu hauko katika dini. Uko katika ardhi. Kagwa anaitazama nchi akiwa ndani ya boma la mfalme: mfalme huyu, halafu yule, vita vyao na mawaziri wao. Wazee wa koo wanasimama nyuma. Basi, katika mapatano ya 1900 na Waingereza, ambayo Kagwa alitia sahihi, maili mraba 8,000 ziligawiwa wakubwa na wenye mashamba wapatao 1,000. Na katika miaka ya 1920 wazee wa koo, Bataka, walilia kwa ajili ya makaburi ya babu zao. Ni kweli, alitunga pia kitabu juu ya koo, mwaka 1912.

Hata hivyo tusimdharau. Aliwauliza wazee wangali hai, watu waliojua enzi ya Mutesa, wengine hata ya Suna. Mmisionari Roscoe naye alipata habari nyingi kwa msaada wake. Huku kwetu Bushi, mzee wa Kabare na mzee wa Ngweshe watakupa masimulizi mawili ya jambo moja. Wangapi wamekwisha kuzikwa, nasi hatukuandika hata moja?

Wakatoliki wa Buganda hawakukaa kulalamika. Walileta habari za koo zao katika gazeti la Munno, lililoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1911. Mwenye kumsoma Kagwa aliweke gazeti hilo karibu.