Mlevi anapita, mzima anabaki ku biro

Ndugu zangu malisansie na wanafunzi, wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliweka hapa habari ya utafiti juu ya polisi wa rulaje wa Kinshasa, akaandika juu yake: "Sayansi imesema, waondoe bariyeri zote." Watu mingi walikubali, na mimi pia nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikatafuta kazi yenyewe nikaisoma, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha na kamusi pembeni. Ni kazi nzuri sana. Lakini haisemi vile mwenzetu alivyosema, na kuna jambo ambalo hata waandishi waliliacha njiani.

Kazi hiyo inaitwa The Real State. Iliandikwa na Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca, na wenzao watatu, wakiwemo Aimable Amani Lameke na Albert Malukisa. Ilitoka katika jarida la American Economic Review mwaka 2024. Waliingia ndani ya biashara ambayo sisi wote tunaijua kwa macho tu. Walichokuta ni hiki: pesa ambazo rulaje wa Kinshasa wanapata kwa kweli ni mara tano ya zile zinazotoka kwenye faini za sheria. Na chanzo si polisi mmoja mwenye njaa pale ronpwe. Chanzo ni mpango. Mkubwa ku biro anadai timu ya barabarani imletee kila siku idadi fulani ya madereva, wenye kosa au wasio na kosa. OPJ anawapokea, anawatisha, anapanga bei, kisha pesa zinagawanywa. Raportaji, kama tunavyosema.

Mimi si mwanasheria, nilisoma kilimo. Kwa hiyo nilipofika kwenye jaribio lao nilifurahi, kwa sababu limepangwa kama la shambani: kiwanja hiki kinapata mbolea, kile hapana, halafu unapima. Timu fulani zilipunguziwa mzigo wa kuleta madereva, nyingine ziliendelea kama zamani. Matokeo yanaonyesha kwamba ule mpango unaharibu kazi yenyewe ya polisi. Anayetafuta madereva wa kupeleka ku biro hana tena macho ya kuangalia njia.

Hapo njo ningependa waendelee. Wanapima pesa kwa ustadi, wanapima huduma, lakini dereva ndani ya kitabu chao ni mtu anayelipa. Haki yake haimo. Na mtu mwingine haimo kabisa: yule aliyeko kando ya njia.

Niruhusu nieleze. Mdogo wangu alikuwa anafanya toleka. Jioni moja, akiwa na kliyanti nyuma ya baiskeli, gari moja lilikuja likiyumba, likamrusha kwenye mtaro. Mfupa wa paja ulivunjika. Kule hospitali konvoyeri wa lile gari, kijana mdogo tu, alilia akatueleza bila hata kuulizwa: "Shefu alikuwa amekunywa lotoko toka saa nane. Tena batu ba rulaje balitusimamisha kule nyuma. Baliuliza asiranse. Alitoa elfu tano, tukapita." Sitaitaja bariyeri ile, wala saa, wala mtu. Lakini fikirieni vizuri neno la yule kijana. Leta ilikuwa imeshika lile gari mkononi. Harufu ya lotoko ilikuwa inatoka dirishani. Leta ikauliza karatasi.

Tangu siku ile nimeanza kuangalia bariyeri kwa jicho lingine. Ninakaa Simi-Simi, upande wa uwanja wa zamani wa ndege, ule ambao maparakomando wa Ubelgiji waliruka tarehe 24 Novemba 1964. Njia yetu inaelekea Yangambi, karibu kilomita 100, na asubuhi ndiyo inayoleta chakula cha mji: mihogo, ndizi, makala, vyote juu ya baiskeli na pikipiki. Asubuhi njo wakati wa bariyeri. Mama amewahi soko, motari ana kliyanti anayelalamika, mihogo inakaa juani. Kila dakika ina bei, na yule anayesimamisha anajua. Saa tatu za usiku, wakati watu wanatoka kwenye nganda, ninapita pale pale: hakuna mtu. Bariyeri inalala mapema kuliko walevi.

Na hata mlevi akikutwa, ni mali mbaya. Anabishana, anatapika, hana haraka, hasikii bei. Akiwa na gari kubwa atapiga simu kwa mkubwa wake, na polisi ndiye ataomba msamaha. Mzima mwenye haraka ni mali safi. Kwa hiyo ule mpango ambao waandishi wameuonyesha Kinshasa haumwachi mlevi kwa bahati mbaya. Unamwacha kwa hesabu. Sijasoma sentensi hiyo kwao, lakini takwimu zao zinaiomba.

Mimi mwenyewe nilishasimamishwa na pikipiki ya mjomba, niko na pemiyi, niko na vinyeti, kofia kichwani. Niliuliza kwa heshima:

"Shefu, kosa langu ni nini?"

"Kosa utaijulia ku biro."

Nilikaa kule kutoka saa mbili mpaka saa saba. Sijawahi kupuliza kifaa chochote katika maisha yangu. Niliuliza motari tisa wa parking yetu kama wanajua alkotesti. Mmoja alisema ni dawa ya tumbo.

Sasa, Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema kila anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu za kukamatwa kwake, na tena katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 17 kinasema hakuna kukamatwa nje ya sheria na taratibu zake. Kifungu cha 30 kinatupa uhuru wa kutembea nchini. "Utaijulia ku biro" inavunja 18 kwa maneno matatu. Na kanuni ya njia, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ya kabla mimi sijazaliwa, haikuandikwa ili kujaza mfuko. Waandishi wa utafiti wanasema mpango ule ni jibu la akili kwa mazingira ya polisi. Ninakubali, mshahara wa polisi tunaujua. Lakini ukiliachia hapo, kesho mwanafunzi wa sheria atasema "njo Congo", artikle 15, na tutafunga kitabu. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba ni haramu. Ni kizuri sana kifungu hicho. Nani atamlipia polisi nyumba siku atakapokitumia?

Mwenzetu aliyeandika "waondoe bariyeri zote" anadhani kuna pande mbili tu: uhuru wa dereva, au usalama wa mguu wa mdogo wangu. Kwingine wamebishana juu ya jambo hili mpaka kwa majaji, na hapo kuna cha kujifunza. Marekani, mwaka 1979, Mahakama Kuu ya nchi ilikataa polisi kusimamisha gari lolote analotaka, bila sababu, eti kuangalia karatasi tu. Mwaka 1990 mahakama hiyo hiyo ilikubali bariyeri ya walevi katika jimbo la Michigan. Kwa nini hapa ndiyo na pale hapana? Kwa sababu bariyeri ya Michigan ilikuwa na mwongozo ulioandikwa, na kila gari lilisimamishwa. Polisi hakuchagua. Magari 126 yalipita, kila moja likikawia kama sekunde 25, na walevi wawili wakakamatwa. Sekunde 25! Na hata hivyo mahakama ya jimbo lenyewe, mwaka 1993, ikasema kwa katiba ya Michigan bado haifai.

Kenya nao walikuwa na alkoblo yao. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema kanuni zile zimevuka sheria mama: sheria iliadhibu kuendesha ukiwa mlevi kiasi cha kushindwa kutawala gari, kanuni zikaadhibu kiwango cha pombe kwenye pumzi peke yake. Majaji hawakutetea walevi. Walisema kosa litungwe na sheria, si na karatasi ya chini yake. Mimi nilipoisoma nilicheka kidogo, maana sisi kosa letu halitungwi hata na karatasi. Linatungwa na saa ya asubuhi.

Kwa hiyo kwangu swali la utafiti kama huu si tu pesa ngapi zimepanda juu. Ni nani anayechagua wa kusimamishwa, na anatafuta nini. Mimi ningependa kusimamishwa, saa tatu za usiku, pale njia ya Simi-Simi inapoingia mjini, kila chombo bila kuchagua, hata jeep ya mkubwa. Nipulize, waone sifuri, niende. Mbaya si kunisimamisha. Mbaya ni kunisimamisha kwa sababu bado wanahitaji watu watatu kufikisha hesabu ya siku.

Ningewaomba pia waandishi, kama watarudi Congo, wasibaki Kinshasa. Mji wetu ni wa pikipiki na toleka, na mwenye toleka hana pemiyi ya kunyang'anywa. Ana baiskeli yenyewe. Wakiichukua, watoto hawali jioni hiyo. Katika hesabu ya pato hilo ni elfu mbili tu za franka, halionekani kabisa.

Mwenzetu, usikasirike. Weka tena ile kazi hapa, tuisome sehemu ya jaribio pamoja. Kuna jedwali ambazo sikuzielewa, na wewe ulisoma uchumi. Mdogo wangu anatembea sasa, kwa fimbo. Baiskeli alimwachia kliyanti wa jioni ile, aliyeumia mkono na akakosa kazi mwezi mzima.