Kirusi hufa, protini hubaki

Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Mwaka uliofuata, Daubney, Hudson na Garnham waliueleza ugonjwa huo, ambao leo wafugaji wa Ndabibi, magharibi ya ziwa hilo, wanaujua kama homa ya Bonde la Ufa. Mbinu yao ilikuwa kuchukua damu au ini la mgonjwa, kuichuja kwenye kichujio kinachozuia bakteria, kumdunga mwanakondoo mzima na kungoja. Akifa, ini lake likiwa limeharibika, jibu limepatikana. Jibu lilikuwa sahihi, ila liligharimu uhai wa mnyama, na watu walioshughulikia mizoga na sampuli waliugua pia.

Hatari hiyo ndiyo inayonifanya nithamini kazi ambayo Jansen van Vuren na Paweska wa Afrika Kusini waliichapisha mwaka 2009. Hawakukitafuta kirusi kizima. Walitafuta protini yake moja, iitwayo N, inayozifunika jeni ndani ya kirusi. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu N hutengenezwa kwa wingi na haibadiliki sana kutoka aina moja ya kirusi hadi nyingine.

Kabla ya kupimwa, sampuli ilichanganywa na sabuni ya maabara na kupashwa joto la nyuzi 56 kwa saa moja. Hapo ndipo penye ufundi. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta. Sabuni na joto huuvunja, nacho hakiwezi tena kuambukiza. Lakini N hubaki na umbo la kutosha kutambuliwa na kingamwili. Joto likizidi mno, mtaalamu atakuwa salama lakini huenda asione kitu.

Kipimo chenyewe ni cha ELISA, mbinu ambayo Engvall na Perlmann wa Stockholm waliichapisha mwaka 1971. Kingamwili hugandishwa kwenye visima vya sahani ya plastiki. Sampuli ikimiminwa, N hunaswa na mengine huoshwa. Kingamwili ya pili huja juu yake, na kimeng'enya kilichofungamanishwa nayo, au na kingamwili nyingine inayoifuata, hugeuza rangi ya kimiminika. Mashine husoma ukolezi wa rangi. Uoshaji huo usidharauliwe: kimeng'enya kikibaki kisimani bila kunaswa, mnyama mzima ataonekana mgonjwa.

Udhaifu wa kipimo hiki uko kwenye siku. N huonekana kwenye damu wakati kirusi kimo humo kwa wingi, yaani siku chache za mwanzo. Kipimo cha PCR, kinachotafuta jeni, hunasa hata kirusi kikiwa kichache zaidi. Baadaye vipimo vyote viwili huweza kunyamaza, na hapo hutafutwa IgM, kingamwili ambayo mnyama huitengeneza mapema baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo jibu la "hakuna N" kwa kondoo aliyeugua wiki mbili zilizopita halimsafishi hata kidogo, na daktari wa mifugo anayelisoma hivyo anampotosha mfugaji.

Kwa mzoga mpya mambo ni mepesi zaidi, maana ini hubeba kirusi kwa wingi. Kipande chake kichukuliwe na mtaalamu aliyevaa glavu, barakoa na miwani, kikae kwenye barafu hadi maabara, na fomu iandikwe tarehe mbili: ya kuanza kuugua na ya kuchukua sampuli.