Daft Punk: Kilichobadilika na Kilichobaki

Albamu ya Random Access Memories ilipotoka Mei 2013, mashabiki wa Daft Punk walipasuka pande mbili. Wapya walimiminika kupitia "Get Lucky". Wa zamani, waliowapenda tangu Homework ya 1997, wengi wao walinuna. Walidai hawa si wale tena, mashine zimewekwa kando, na sasa wamebaki na disko la kizamani lenye magitaa na wapigaji wa kukodi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ila imepiga pembeni ya shabaha. Ukizifungua kazi zao kipande kwa kipande, unakuta njia ya kutunga ni ileile ya mwanzo. Chanzo cha sauti ndicho kilichohama. Na kama kuna kitu kilichopotea njiani, ni kimoja ambacho walalamikaji wengi hawakukitaja.

Homework ilirekodiwa Paris, chumbani kwa Thomas Bangalter, mmoja wa wanamuziki wawili wa Daft Punk, na jina la albamu linatokana na hilo. Yeye na mwenzake, Guy-Manuel de Homem-Christo, walikuwa na mashine za midundo za Roland, sintesaiza na kifaa cha kunasa sampuli. Sikiliza "Around the World". Maneno ni matatu tu, yanayorudiwa zaidi ya mara mia kwa muda unaozidi dakika saba. Besi ina vifungu vichache, midundo haibadiliki, sauti ya roboti inazunguka palepale. Haichoshi kwa sababu kazi yote ya utunzi iko katika kuingia na kutoka: besi inaondolewa, makofi yanabaki, sintesaiza inachungulia, besi inarudi. Msikilizaji hapewi kitu kipya, anapewa kilekile katika ujirani mpya.

Silaha yao ya pili, baada ya duara hilo la kurudia, ilikuwa filta. Filta hukata masafa ya juu ya sauti, na wimbo ukasikika kama unapigwa nyuma ya ukuta. Kisha mkono unafungua kidogo kidogo, mng'ao unarudi, na ukumbi unalipuka. Mpenzi wa dansi anaujua uchu huo: ndio wa kuisubiri sebene wakati mwimbaji bado anamalizia beti zake. Tofauti ni kwamba kwenye bendi sebene huletwa na mpiga gitaa, ilhali hapa inaletwa na kitufe kimoja kinachozungushwa polepole. Bangalter alilionyesha hilo vizuri kuliko yeyote mwaka 1998, katika "Music Sounds Better with You" ya kundi la Stardust, wimbo uliojengwa karibu wote juu ya kipande kifupi cha gitaa kutoka "Fate" ya Chaka Khan.

Discovery ilipofuata mwaka 2001, malalamiko yalikuwa yaleyale ya 2013, ingawa leo hilo limesahaulika. Walisema ni popu mno, na sauti ya Romanthony katika "One More Time" imenyooshwa kwa kompyuta hadi imepoteza damu. Lakini angalia walivyojenga. "Harder, Better, Faster, Stronger" imetokana na wimbo wa Edwin Birdsong wa 1979. "Digital Love" imeanzia kwa George Duke, mwaka uleule. Disko na fanki za mwisho wa miaka ya 1970 zilikuwemo ndani ya Daft Punk tangu wakati huo, zikiwa zimekatwakatwa. Anayesema wameigeukia disko mwaka 2013 hakusikia walichokuwa wakikichezesha miaka yote.

Human After All ya 2005 ndiyo iliyowakera wengi, na hapo nawaelewa. Ilikamilishwa kwa takriban wiki sita. "Robot Rock" inachukua kipande cha kundi la Breakwater na kukirudia bila huruma, na kule kuingia na kutoka kulikoibeba "Around the World" kumepungua mno. Duara lilibaki, mpangilio ukapungua. Lakini mwaka 2006 walipopanda ndani ya piramidi yao ya taa kwenye tamasha la Coachella, na kisha katika ziara iliyozaa albamu ya Alive 2007, iliyorekodiwa Bercy, Paris, nyimbo hizohizo zilifufuka. Walizipandisha juu ya nyimbo za zamani: "Television Rules the Nation" ikafungwa pamoja na "Crescendolls" ya Discovery, "Robot Rock" ikachanganywa na "Oh Yeah" ya Homework. Gitaa zito lililochosha likiwa peke yake liligeuka ngao ya kipande chepesi, chenye furaha. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote: vipande havikuwa na kosa, kilichokosekana ni mtu wa kuvipanga.

Basi Random Access Memories. Badala ya kunyofoa disko kwenye santuri, waliwaita mafundi wa aina ileile ya muziki waje wapige upya: Nile Rodgers kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na John Robinson kwenye dramu. Walirekodi kwenye utepe na kwenye kompyuta kwa pamoja, kisha wakakaa kuchagua na kukata. Maana yake ni kwamba walijitengenezea sampuli zao wenyewe. "Get Lucky" ni mapigo 116 kwa dakika na kodi nne zinazozunguka mwanzo hadi mwisho bila kutua. Ukiiandika kwenye karatasi ina tabia ya "Around the World". Sampuli ya santuri iko moja tu katika albamu nzima, kwenye "Contact", kutoka kwa kundi la Sherbs. Na "Doin' It Right", walioufanya na Panda Bear, ni wa mashine tupu. Uangalifu wao ulifika mbali: Giorgio Moroder alipokuja kusimulia maisha yake, sauti yake ilinaswa kwa vipaza sauti vya enzi tofauti, kimoja kwa kila zama aliyoizungumzia.

Kilichopotea, basi, ni msukumo. Katika Discovery, kila pigo la besidramu linaisukuma sauti nyingine yote chini, kisha inavimba kurudi, na mwili unaufuata mvimbo huo hata kama kichwa hakijui. Ni kazi ya kompresa iliyobanwa kwa nguvu. Albamu ya 2013 ilichanganywa na Mick Guzauski na kukamilishwa na Bob Ludwig kwa makusudi ya kinyume: kuacha nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa, dramu isikike kama dramu chumbani. Kwenye spika nzuri nyumbani ni raha kubwa. Kwenye klabu, baada ya nyimbo zilizobanwa hadi ukingoni, inasikika imenywea, na kule kufunguka kwa filta hakuji. Mashabiki wa ukumbini waliuhisi upungufu huo miguuni, wakakosa namna ya kuutaja, wakayalaumu magitaa.

Januari 2014 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, na nyingine ya ufundi wa kurekodi. Hii ya pili ndiyo iliyostahili zaidi. Kwa kurekodi, hakuna kazi yao inayoifikia. Kwa utunzi, bado naiweka Discovery juu yake, kwa sababu ndani yake duara, filta na msukumo vinafanya kazi pamoja. Daft Punk walitangaza kuvunjika tarehe 22 Februari 2021, wakiwa na albamu nne tu za studio ukiacha muziki wa filamu ya Tron: Legacy. Zisikilize kwa mfuatano wake, na usiiruke ile ya tatu.