Sikio Lililolelewa na Zaburi

Mwanakwaya akijaribu kwa mara ya kwanza wimbo wa Hildegard wa Bingen, pumzi humwishia njiani. Wimbo wa Kigregori hutembea taratibu, noti kwa noti, na mara nyingi haupiti sana oktavu moja. Hildegard hupenda kuanza kwa kuruka: kutoka noti ya msingi sauti inapanda hadi ya tano, na hujakaa sawa imeshafika oktavu. Katika “O vos angeli”, alioutunga kwa ajili ya malaika, kutoka noti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ni zaidi ya oktavu mbili, na silabi moja huweza kubeba noti nyingi.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1098. Mwaka 1112 alifungiwa kama mtawa katika monasteri ya Disibodenberg pamoja na Jutta wa Sponheim, aliyemfundisha zaburi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka zaburi zote 150 ziimbwe kila wiki, usiku na mchana. Hildegard aliishi hivyo miaka ipatayo 30 kabla nyimbo zake hazijaanza kusikika nje. Mwenyewe alisema hakufundishwa muziki na mtu yeyote. Namwamini, lakini zaburi zilikuwa zimemlea sikio.

Ukisikiliza kwa utulivu utaona anatumia vipande vichache tu vya sauti. Hukirudia kimoja, akakirefusha, akakigeuza mwisho, kama msuka mkeka mwenye ukindu wa rangi tatu ambaye kila mstari wake unatoka tofauti. Ndiyo maana wimbo unaoruka namna ile haupotei. Na aliwatungia watu aliowajua: watawa wenzake wa Rupertsberg, monasteri aliyoianzisha karibu na Bingen yapata mwaka 1150. Zaidi ya nyimbo 70 zimetufikia. Tunao pia mchezo wake wa kuigiza, “Ordo Virtutum”, ambamo Fadhila zote zinaimba na Shetani peke yake hana wimbo, anapayuka tu. Sijui mtunzi mwingine aliyemhukumu Shetani vizuri hivyo kwa kumnyima noti.

Mwaka 1178, Hildegard akiwa na miaka ipatayo 80, wakuu wa Kanisa wa Mainz walimwamuru aufukue mwili wa mtu aliyezikwa Rupertsberg, wakidai alikuwa ametengwa na Kanisa. Hildegard alijua mtu huyo alikuwa amepatanishwa kabla ya kufa. Akakataa. Adhabu ilikuwa kuzuiwa kuimba: sala zote zisomwe kwa kunong’ona, milango imefungwa. Aliwaandikia kwamba Adamu kabla ya kuanguka alikuwa na sauti iliyolingana na ya malaika, na kwamba wanaonyamazisha sifa za Mungu bila haki watakosa nafasi katika kwaya ya mbinguni.

Zuio liliondolewa Machi 1179. Zaburi zikarudi kuimbwa Rupertsberg kwa sauti, na Septemba 17 mwaka huohuo Hildegard akafariki.